Betri Kuukuu Haziwi Mbolea



Kibanja chetu hulishwa na nyumba. Mtoto wa Kamachumu, wa Nshamba au wa Katerero hulijua jambo hili kabla ya kujua kusoma. Udongo wa mwambao huu wa ziwa ni mkongwe, umeoshwa na mvua ambazo mjini Bukoba hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo sababu huko rweya huota majani matupu. Kilichoistawisha migomba na mibuni yetu kizazi baada ya kizazi katika udongo huo ni samadi, majani yaliyokatwa rweya, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, na kila kilichofagiliwa nyumbani kikamwagwa pale pale nyuma ya nyumba. Kwa wazee wetu, alichokiondoa mama uani kilikuwa chakula cha mgomba.

Desturi hiyo ilikuwa hekima, na sisi hatuandiki ili kuibeza. Lakini yafaa tutazame ni nini leo kinachofagiliwa pamoja na maganda hayo. Zimo betri za tochi zilizokwisha nguvu. Imo simu iliyopasuka kioo, chaja iliyoungua, rimoti, redio iliyonyamaza, balbu, taa ya sola ambayo betri yake haishiki tena chaji. Mkono ule ule unaomwaga maganda ndio unaomwaga vitu hivi, na kwa nia ile ile njema. Tofauti ni kwamba ganda la ndizi huoza likarudi kuwa ndizi. Betri hubabuka polepole, ikaachia madini ambayo hayaozi kamwe.

Madini hayo ni yapi? La kwanza na la kutisha kuliko yote ni risasi. Si ile ya bunduki, ingawa jina ni moja, bali madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari na za sola, katika lehemu inayoshikilia vyuma vya ndani ya redio nyingi za zamani, na katika kioo cha televisheni zile zenye kichogo. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Televisheni moja ya kichogo yaweza kubeba zaidi ya kilo nzima. Pili ni kadimi, iliyomo katika aina fulani za betri ndogo za kuchaji, ambayo huharibu figo. Tatu ni zebaki, iliyomo katika taa za tyubu na katika zile balbu zilizosokotwa tulizouziwa kwa sifa ya kubana matumizi ya umeme.

Hapa pana jambo ambalo wataalamu wa kilimo wanalifahamu vyema, lakini halijafika barazani kwetu. Udongo wa pwani hii una asidi nyingi. Katika udongo wa namna hiyo madini haya hayatulii. Asidi huyalegeza, na maji ya mvua huyashusha. Na chini ya vibanja vyetu kuna nini, kama si chemchemi tunazochota? Tena mboga za majani hunyonya kadimi kwa wepesi. Mchicha uliopandwa pembeni mwa jalala, kwa kuwa hapo ndipo unaponawiri, ndio uliokaa mahali pabaya kuliko pote.

Risasi haina kiwango kilicho salama mwilini. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema bila kupindapinda. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichoingia tumboni. Humdumaza akili kabla ya kumdumaza mwili, naye huonekana mzima, anacheza, ila darasani hashiki kitu, na mwalimu humwita mvivu. Kwa mama, risasi hujificha mifupani miaka mingi, kisha wakati wa ujauzito hutoka na kumfikia aliye tumboni. Nasi twajua kwamba akina mama wajawazito wengi hutamani kula udongo. Je, udongo upi, na kutoka wapi?

Ziko njia tatu ambazo watu wetu wamezoea kuzitumia, na zote tatu zinadhuru. Ya kwanza ni kufukia, ambayo tumekwisha kuisema. Ya pili ni kutumbukiza betri chooni. Wapo wanaoamini kwamba betri hufanya choo kisijae upesi, au kwamba hupunguza harufu. Hazifanyi hivyo; zinachofanya ni kuipeleka sumu meta kadhaa karibu zaidi na maji ya ardhini. Ya tatu ni kuchoma moto. Vijana huchoma nyaya ili wapate shaba, kwa kuwa mnunuzi wa chuma chakavu hulipa shaba bei nzuri. Moshi mweusi wa ile ngozi ya plastiki una sumu za jamii ya dioksini, ambazo huanguka juu ya nyasi, ng'ombe akala, zikaingia katika maziwa. Aliyepata fedha ni mmoja, tena fedha kidogo. Wanaovuta moshi ni kitongoji kizima.

Twende sasa visiwani. Kule Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga, na katika mialo yote ya Muleba hadi Kemondo, dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri zimechukua nafasi hiyo, na tukubali kwamba zimeleta nafuu: hakuna mafuta ya taa yanayomwagika, wala moto mtumbwini. Lakini betri hizo nazo zina umri wake. Zikifa, maji yake ya asidi humwagwa mchangani, ganda likavunjwa kwa shoka, risasi ikatolewa. Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327, ambalo jiko la kawaida la mkaa hulifikia bila taabu, na kwa sababu hiyo mtu aweza kuiyeyusha katika sufuria apate vizito vya nyavu, kisha sufuria ile ikarudi jikoni. Mvuke wake hauonekani wala hauwashi pua. Haumwonyi mtu.

Asidhani mtu kwamba tunatia chumvi. Thiaroye-sur-Mer ni mji wa wavuvi pembezoni mwa Dakar, Senegali. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa huko, wakifuatana, katika mtaa mmoja. Mwanzoni haikujulikana ni ugonjwa gani. Baadaye ilibainika kwamba kwa miaka mingi betri za magari zilikuwa zikivunjwa hapo, risasi ikachanganyika na mchanga, na bei ilipopanda akina mama walianza kuuchekecha mchanga ule majumbani ili kuokota mabaki, watoto wakiwa mgongoni. Ule mchanga uliowapa shilingi mbili tatu ndio uliowaua watoto.

Karibu zaidi nasi ni Owino Uhuru, mtaa wa maskini mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianzishwa mwaka 2007 ukutani kwa makazi ya watu wapatao 3,000. Mama mmoja aliyekuwa mtumishi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga ameingiwa na risasi. Alipiga kelele, alikamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Hesabuni wenyewe miaka. Watoto waliokuwa wakitambaa kiwanda kilipofunguliwa walikuwa wamekwisha kuota ndevu siku ya hukumu, na risasi iliyowaingia mifupani hakuna mahakama iliyoweza kuitoa.

Kwetu hatuna kiwanda cha namna hiyo. Tuna kidogo kidogo: betri tatu hapa, televisheni moja pale, tyubu iliyovunjwa nyuma ya darasa. Hata msimu wa senene, furaha yetu sote, una upande huu. Mitego ya mabati na taa kali hupendeza macho usiku, na taa hizo, zikiwa za aina ya zebaki, huungua au kupasuka mvua inapozipiga zikiwa za moto. Vipande vyake huangukia mle mle senene wanamoangukia. Wafanyabiashara wa senene watusamehe kwa kuwagusa, lakini mteja anayenunua kopo zima ana haki ya kujua.

Yafaa pia tuseme kwa nini taka hizi zimeongezeka ghafla. Mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Waliokuwa na uwezo waliona heri wanunue televisheni bapa kuliko kununua king'amuzi cha kuufufua ule mtungi wa zamani. Katikati ya Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote kwa siku moja, na maelfu ya watu wakabaki na kipande cha plastiki mkononi. Tena umeme wa Bukoba na Muleba, ambao kwa miaka mingi umeletwa kutoka Uganda kupitia Masaka hadi Kyaka, umekuwa na tabia ya kukatika na kurudi kwa kishindo. Kila unaporudi hivyo kuna jokofu au redio inayoungua mahali fulani. Halafu sola. Imewaangazia watu ambao nguzo za umeme hazikuwafikia, nasi twaibariki. Ila betri ya sola ya bei nafuu haikai miaka mingi, na aliyeiuza hayupo tena kwenye duka lile siku inapokufa.

Dunia nzima inakabiliwa na jambo hili. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 yasema kwamba mwaka 2022 pekee walimwengu walizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyopasa. Barani Afrika kiasi hicho hakifikii asilimia 1. Nasi wakati huo huo ndio tunaotumia vifaa vichache kuliko wote, na vingi kati ya hivyo hutufikia vikiwa vimekwisha kutumiwa na wengine. Ndiyo maana mikataba iliwekwa: ule wa Basel wa mwaka 1989, na ule wa Bamako wa mwaka 1991 ambao Waafrika wenyewe waliuandika ili bara hili lisigeuzwe jaa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa mujibu wa marekebisho ya mkataba wa Basel, taka za elektroniki za aina zote haziwezi kuvushwa mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kuridhia kwanza. Ni hatua njema. Lakini kontena lenye jokofu bovu huandikwa kwamba lina jokofu linalofanya kazi, na hapo mkataba hulala usingizi.

Hata nyumbani sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 4, humpa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo yakubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye gharama. Mwaka 2021 zilitolewa kanuni mahsusi za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba jambo hili halijafikiriwa. Limefikiriwa, limeandikwa, likachapishwa katika Gazeti la Serikali.

Basi hapa tuseme wazi maoni yetu, hata kama hayatawapendeza wote. Semina nyingi zinazofanyika juu ya usafi wa mazingira humalizika kwa kumwambia mama wa nyumbani "tupa mahali panapostahili". Mahali hapo ni wapi? Mama wa Rwamishenye au wa Izigo akiuliza swali hilo, hupewa tabasamu. Kumtwika mtu wajibu bila kumpa njia ya kuutimiza ni dhuluma, hata ikifanywa kwa bango lenye rangi nzuri. Aliyetengeneza betri alipata faida yake, aliyeiingiza nchini alipata yake, muuzaji naye hali kadhalika. Inapokufa tu ndipo inakuwa mali ya mama.

Lakini kutoka hapo hatuwezi kusema, kama wengine wasemavyo, kwamba tukae tu hadi Serikali ilete gari. Kuna ukweli mmoja mdogo ambao watu hawauzingatii: kifaa kilichokufa kikiwekwa kizima, mahali pakavu, hakimdhuru mtu. Madhara huanza kinapovunjwa, kinapochomwa, kinapolowa. Kwa hiyo kinachotakiwa nyumbani leo hii, kabla ya mradi wowote, ni kutunza tu. Ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko, iwekwe juu ambako mtoto hafiki na mvua haivuji, betri ndogo zote ziingie humo. Zile za simu zilizovimba zisitobolewe wala kubonyezwa, kwa maana huwaka moto. Ncha zake zizibwe kwa gundi ya karatasi, na zikae peke yake katika kopo la mchanga. Betri kubwa isimame wima, maji yake yasimwagwe, na auziwe mnunuzi ikiwa nzima. Betri za kitufe, zile za saa na za vitu vya kuchezea, zihofiwe kupita zote: mtoto akimeza moja ikakwama kooni, huweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Asitapishwe, akimbizwe Rubya, Kagondo, Ndolage au hospitali ya rufaa ya mkoa, usiku au mchana. Na tyubu ikipasuka ndani, watu watoke kwa muda wa robo saa, madirisha yakiwa wazi. Vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, visifagiliwe, maana fagio huitawanya zebaki.

Tena kabla kitu hakijaitwa taka, kimpitie fundi. Mafundi redio na mafundi simu wa Kashai na wa Muleba mjini wamezuia taka nyingi kuliko kamati yoyote ya mazingira, nao hatujawahi kuwashukuru. Wao wenyewe wanahitaji kuambiwa wafungue dirisha wanapochoma lehemu, na wasile mpaka wanawe mikono.

Mnunuzi wa chuma chakavu naye tusimfanye adui. Ni kijana wa jirani mwenye baiskeli na mizani, na ndiye anayeibeba sumu hii kifuani mwake kuliko sisi sote. Jumuiya zimwite, zizungumze naye. Akubaliane nazo kwamba atanunua kilicho kizima, kwa bei ya haki, naye asichome. Akiambiwa kwamba mwanawe anayepokea mizigo nyumbani ndiye wa kwanza kudhurika, atasikia. Ni baba kama baba wengine.

Kwa upande wa jumuiya, tunapendekeza jambo la kiasi. Kila kanda iwe na pipa moja, parokia iwe na chumba kikavu chenye kufuli, WAWATA na vijana wapange siku moja kila miezi mitatu ya kukusanya. Lakini, na hili tunalisisitiza, asianze mtu kukusanya kabla hajajua vitu vitatoka kwenda wapi na kwa nani mwenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Parokia iliyokusanya televisheni mia moja bila mlango wa kutokea imejijengea dampo. Stoo za taasisi zetu zimejaa vya kutosha tayari: kompyuta za msaada zilizofika zikiwa wazee, vipaza sauti vilivyopasuka, mashine za kudurufu ambazo wino wake haupatikani tena popote. Msaada wa vifaa ukiahidiwa siku zijazo, halmashauri ya walei iulize kwa adabu: kimetumika miaka mingapi, na kikifa nani atakichukua? Mfadhili wa kweli hataudhika.

Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 ulizitaja taka za elektroniki kwa jina, miongoni mwa zile zinazoigeuza dunia kuwa rundo la uchafu. Wanaotaka kuutumia katika mafundisho ya jumuiya watazame sura ya kwanza, karibu na mwanzo wake.

Lililobaki ni la Manispaa ya Bukoba na la Halmashauri ya Wilaya ya Muleba, ambazo sheria imezipa dhamana ya taka ngumu. Maji ya bomba ya mjini Bukoba huchotwa ziwani, na Kanoni hupita katikati ya mji ikabeba kila kilichotupwa hadi ziwa hilo hilo. Sababu ya kulitazama jambo hili wanayo mbele ya macho yao. Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo wenyeviti wa walei wamwone diwani wa kata yao kabla ya Januari, wakiwa na barua, nakala yake ibaki parokiani, na waulize maswali mawili: ni eneo gani limetengwa kwa ajili ya taka za elektroniki, na ni nani mwenye kibali atakayezichukua, mara ngapi kwa mwaka. Jibu lisomwe kanisani baada ya matangazo, hata kama ni kwamba hakuna jibu.